Barua Yenye Jina Chini

Kambini, Ziwa Modre
6 Julai 2019

Bibi yangu mpenzi,

Asante kwa kifurushi. Soksi zimefika, jamu imefika, na ile keki ya mbegu za mpopi ilifika nzima lakini haikudumu, kwa sababu nilifungua boksi mbele ya viongozi wenzangu kama mjinga. Wanakushukuru kwa midomo iliyojaa.

Naandika kwa mkono kama ulivyoamuru. Simu zetu zimefungiwa sandukuni kwa Ndugu Gerard, mkuu wa kambi, na hata zingekuwa huru, wewe ukipigiwa unauliza tu "Nani? Nani?" mpaka mtu anakata tamaa.

Mwaka huu kikosi changu kina wasichana kumi na wanne. Mdogo wao anaitwa Kalina, ana miaka kumi na mmoja, na anaongea kuanzia anapofumbua macho. Nasema anaongea, lakini tangu juzi amenyamaza, na jana kimetokea kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nivae sare hii ya skauti.

Tulimaliza nyimbo, tukasimama duara, mikono tumeipishanisha kifuani, kila mtu kamshika jirani yake. Nikamminya mkono wa kulia kwangu ili kuituma cheche, ule mminyo unaopita mkono hadi mkono, nikasubiri inizungukie na kunirudia kushoto. Nikasubiri. Cheche haikurudi. Watoto wakaanza kuchekacheka. Nikatazama duara, nikamwona Kalina amesimama karibu na Ndugu Gerard, mkono mmoja ameutia mfukoni. Gerard akacheka: "Mwacheni, mkono wake umekufa ganzi!" Akaituma cheche nyingine upande wa pili, ikaisha hivyo.

Isitoshe, Kalina hasugui tena meno kwenye gati la ziwani pamoja na wenzake. Anaomba maji ya kikombe jikoni. Nadhani amekumbuka nyumbani.

Gerard anasema nikuambie bado anakunja blanketi kama ulivyomfundisha. Watu wote hapa wanampenda, nami pia, unajua. Nisingekuwa kiongozi bila yeye.

Kaa macho!
Bogna


Chełmno, 9 Julai 2019

Mjukuu wangu,

Asante kwa barua, ingawa mwandiko wako ni wa kuku aliyekanyaga wino. Daktari ameniambia magoti yangu ni ya mwanamke wa miaka tisini. Nimemjibu ayarudishe kwa mwenyewe basi, mimi nina sabini na sita.

Kuhusu cheche, usijitie wasiwasi. Nimeendesha kambi ishirini na mbili. Mtoto akimnyima mwenzake mkono, ama amegombana, ama ana upele. Mpe chai yenye asali na umchunguze vidole.

Gerard umpe salamu zangu nyingi. Namjua tangu anaitwa Gerek na hana meno ya mbele. Alikuwa anaiba unga mbichi niliokanda wa pierogi, kabla sijaujaza jibini na kuuchemsha, na kuumwa tumbo, halafu ananiambia ni homa. Hakuogopa kitu yule, si msitu, si ngurumo, si ziwa lile lile mlilo nalo sasa. Mpaka mwaka ule. Lakini hayo ni ya zamani. Nilitaka kusema tu kwamba ni mtu mwema na una bahati ya kuwa chini yake.

Usile jamu yote wewe.

Kaa macho!
Bibi Ludwika


Kambini, 12 Julai 2019

Bibi,

Si upele.

Nilimpa Kalina chai yenye asali kama ulivyosema, na asante kwa hilo, maana chai ndiyo iliyomfungua mdomo. Alikunywa kikombe kizima. Kisha akaniuliza, "Dada Bogna, mtu akivunja kiapo cha cheche, mkono unakauka kweli?"

Nikamuuliza nani kamwambia hivyo. Akaanza kulia.

Nakuandikia alichosema, nami nimekwisha kuwauliza wenzake wawili, mmoja mmoja, na wamesema hivyo hivyo. Tarehe nne, nilipokuwa mjini kununua mkate, Gerard aliwapeleka watoto tisa ng'ambo ya ziwa kuchuma matunda ya msituni. Boti ile ni ya watu sita. Jaketi za kuelea zilikuwa zimelowa kwa mvua ya usiku, watoto wakalalamika kwamba zinanuka, akasema, "Haya, ziacheni, ni hatua mbili tu." Karibu na matete wakasimama wote kuangalia bata. Boti ikapinduka.

Gerard aliwahesabu vichwa, akapata vinane. Akapiga mbizi. Kalina alikuwa chini ya boti, suka lake limenasa kwenye kishikio cha kasia. Alimtoa. Alikohoa maji, akatapika, akapona.

Baadaye, ufukweni, akawasimamisha duara. Akawaambia kilichoingia kwenye cheche hakitoki. Wote wakaapa. Hakumwambia muuguzi wala wazazi, na mimi ambaye mtoto yuko kikosini kwangu hakuniambia. Kalina alikohoa siku mbili, nami nilimpa pipi ya koo!

Nimempeleka kwa muuguzi jana, akamsikiliza mapafu, yapo sawa, namshukuru Mungu. Halafu nikamfuata Gerard stoo. Hakukana. Aliketi juu ya gunia la viazi, akasema, "Bogna, wapo wote wazima. Nimekwisha kujiadhibu kuliko mtu yeyote atakavyoniadhibu. Ukiandika, wanaifunga kambi, watoto mia wanarudi nyumbani wanalia. Utafanya hivyo kwa ajili ya maji yaliyokwisha kukauka?"

Bibi, kuna fomu. Tunapewa wote kabla ya kambi: tukio lolote la hatari unalitolea taarifa kwa mshauri wa usalama wa watoto wa mkoa. Fomu ipo chini ya mto wangu. Niambie nifanye nini.

Bogna


Kambini, 13 Julai 2019

Kwa Bi Teofila Wrona
Mshauri wa usalama wa watoto
Nakala: Ndugu Gerard Lipka, mkuu wa kambi

Mheshimiwa Bi Wrona,

Natoa taarifa ya tukio lililotokea Ziwa Modre tarehe 4 Julai, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Maelezo yote yapo kwenye fomu. Hapa naongeza yale ambayo fomu haina nafasi yake.

Mimi sikuwepo. Niliyoandika nimeambiwa na watoto watatu, kila mmoja peke yake, na Ndugu Gerard amekubali kwamba ni kweli. Ndugu Gerard ndiye aliyemwokoa mtoto. Aliwahesabu mara moja, bila kuchelewa, na asingewahesabu, leo ningekuwa naandika barua nyingine. Naomba hilo lisisahaulike.

Lakini watoto waliambiwa wasiseme. Linalonisumbua zaidi ni hilo kuliko boti. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ameishi wiki nzima akiamini mkono wake utakauka.

Nakala hii nitampa Ndugu Gerard mkononi leo mchana, kabla dereva hajaondoka na barua.

Bogna Sulima
Kiongozi wa kikosi cha tatu, wasichana


Chełmno, 15 Julai 2019

Bogna,

Usiandike.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, nikapanda ngazi bila kuyasikia magoti. Fomu hiyo ichome jikoni. Zungumza na Gerard, mgombeze, mzabe kofi kama ni lazima, mwambie mimi nimekutuma. Lakini usiandike.

Hujui neno hili maana yake nini, kwa sababu umezaliwa wakati mzuri. Kuchongea. Babu yako Roch alifungwa miezi minane mwaka sitini na nane kwa sababu mtu alikaa mezani, akachukua kalamu, akawaandikia wakubwa kwamba Roch anasikiliza redio za nje na anatania viongozi kwenye foleni ya nyama. Karatasi moja. Nilikuwa na mimba ya mama yako. Hatukumjua aliyeandika. Mpaka anakufa, babu yako alikuwa akipokea kadi za Krismasi anazichunguza mwandiko kabla ya kusoma salamu. Kadi za jirani! Za binamu yake!

Katika nyumba hii hatuandiki juu ya watu. Niliapa hivyo kaburini kwake. Mtoto ni mzima, umesema mwenyewe. Mshukuruni Mungu, muendelee.

Bibi


Ofisi ya mkoa, 16 Julai 2019

Mpendwa Bogna,

Asante. Neno hilo naliandika mwanzo, kwa sababu najua wiki hii hutalisikia kwa watu wengi.

Nimezungumza na wazazi wa Kalina na wa wale wanane wengine. Boti isitoke tena mpaka nifike. Nakuja keshokutwa na daktari na kiongozi wa kushika nafasi ya Ndugu Gerard. Kambi haitafungwa. Sijui nani alianzisha uvumi kwamba tunafunga kambi kila tukiandikiwa, lakini ningependa kumpata nimpe kazi ya kuosha masufuria.

Kabla sijafika nakuomba jambo moja. Mwambie Kalina kwamba kiapo kile hakikuwa na nguvu hata kidogo, na kwamba mtu mzima asiyeruhusu mtoto amwambie mama yake, siku hiyo amekosea, hata akiwa mtu mwema. Mwambie hivyo mbele ya wenzake, ili na wao wapumue.

Katika miaka sita ya kazi hii nimepokea barua nyingi zilizochelewa. Yako imefika mtoto akiwa hai. Nakushukuru sana.

Teofila Wrona


Kambini, 22 Julai 2019

Bibi,

Barua yako ilifika tarehe kumi na saba. Mimi nilikuwa nimetuma taarifa tarehe kumi na tatu. Sikuweza kungoja posta, Bibi, kwa sababu kila asubuhi boti ile ilikuwa inateremshwa majini, na jaketi zipo stoo. Nilipata usiku mmoja wa kufikiri, nikapiga moyo konde.

Usidhani ninajivuna. Gerard aliondoka Ijumaa. Alikunja blanketi lake, pembe kwa pembe, akaliacha kitandani. Aliponipita alisema, "Umeandika vizuri, umeandika ukweli," lakini hakunitazama. Haruhusiwi kuongoza kambi mpaka uchunguzi uishe. Watoto walilia. Wapishi hawanisalimii. Juzi nimekuta mtu ameandika kwa mkaa kwenye hema langu, herufi kubwa: MCHONGEZI.

Nilipoliona nilikukumbuka wewe kwanza.

Nilisugua kwa sabuni na brashi, halitoki lote. Wasichana wangu wakaja kusaidia bila kuitwa. Kalina akasema, "Dada, acha tu, tutachora maua juu yake." Sasa nina hema lenye maua ya mkaa na herufi moja inachungulia katikati. Namshukuru mtoto huyo kuliko ninavyoweza kusema. Mama yake alikuja na sufuria la pierogi za jibini, kubwa kama beseni la kufulia, akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Na jana Kalina amesugua meno kwenye gati.

Nimekuwekea ndani ya bahasha nakala ya barua niliyomwandikia Bi Wrona, ili usome maneno yenyewe, usihukumu kwa kusikia. Ukiona sifai kuandikiwa tena, nitaelewa. Lakini nakuomba usome mpaka chini.

Bogna


Toruń, 5 Agosti 2019
(kadi ya posta)

Bibi, kambi imekwisha, nimerudi chumbani kwangu. Mama anasema u mzima na unakula. Jamu ya mwisho nimekutunzia. Wiki mbili sasa hujajibu. Nakukumbuka. B.


Chełmno, 14 Agosti 2019

Bogna, mwanangu,

Asante kwa subira yako. Nilikuwa mzima. Nilikuwa nasoma.

Barua yako kwa huyo mama wa mkoa nimeisoma, mara ya kwanza kwa hasira. Mara ya pili niliisoma nikitafuta kitu kisha sikukipata, na sikujua natafuta nini. Mara ya tatu nikaenda kabatini nikatoa bahasha ya babu yako. Hujawahi kuiona. Utawala ule ulipoanguka wakafungua mafaili ya polisi, alipewa picha ya ile karatasi iliyomfunga. Nikaziweka mezani, yake na yako, ubavu kwa ubavu, kama mtu anayepima nguo.

Yake haina jina chini. Imeandikwa "raia mwaminifu". Haisemi lolote jema juu ya Roch, wala mwandishi hakumpa nakala mkononi kabla dereva hajaondoka. Yako ina jina lako lote, na ndani yake umemtetea unayemtaja. Nimekaa na makaratasi hayo mpaka chai ikapoa. Miaka hamsini nimeyaita mambo mawili kwa neno moja, mimi mwalimu wa lugha!

Sasa nina la kukuambia. Mama yako halijui.

Mwaka sabini na nne nilikuwa na kambi Ziwa Modre. Watoto walijenga chelezo cha magogo, nikawaruhusu kwenda nacho mbali kuliko ilivyoruhusiwa, kwa sababu walinibembeleza na mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja, napenda kupendwa. Kamba ikakatika. Nilihesabu vichwa. Kimoja kilipungua. Nikapiga mbizi nikiwa na viatu, nikamkuta kati ya magogo, nikamtoa. Alikuwa Gerek, miaka kumi na mmoja.

Ripoti sikuiandika. Kuandika kwa wakubwa, mimi, mjane wa mtu aliyekuwa bado hai lakini ameharibika? Niliogopa watanifukuza, niliogopa faili, niliogopa karatasi yenyewe. Basi nikawasimamisha watoto duara. Nikawaambia kilichoingia kwenye cheche hakitoki. Maneno yale yale, Bogna. Hayakuwepo kabla yangu. Ni mimi niliyeyatunga, nikiwa nachuruzika maji, na nikaongeza lile la mkono kukauka kwa sababu kulikuwa na mtoto mmoja mropokaji.

Uliponiandikia kwamba Gerard aliwaapisha, niliyatambua maneno yangu. Ndiyo maana nilikufokea. Nilijifanya nafoka kwa ajili ya babu yako, na kwa nusu ilikuwa kweli.

Yule mtoto hakuambiwa kwamba mtu mzima anaweza kukosea, kusema, na kusamehewa. Alifundishwa kuhesabu vichwa na kufunga mdomo. Amekua, amefanya yote mawili, moja baada ya jingine, kama nilivyomfundisha. Blanketi pia.

Leo asubuhi nimemwandikia Bi Wrona. Mwaka, mahali, kamba, magogo, kiapo. Nakala nimempelekea Gerard. Chini nimeandika jina langu lote, na mkono haukukauka.

Nakushukuru, mjukuu wangu. Nimechelewa miaka arobaini na mitano, ila nisingefika kabisa kama usingetangulia.

Kaa macho. Nimeyasema maneno hayo maisha yangu yote kwenye mwisho wa barua, kama mtu anayesema "wasalaam".

Ludwika Sulima


Grudziądz, 1 Septemba 2019

Bogna,

Sitakudanganya, mwezi mzima nilikuchukia. Nilikuwa naosha gari mara mbili kwa siku na kukujibu kwa sauti, majirani wanadhani nina simu sikioni.

Halafu ikaja barua ya bibi yako. Sijui kama unajua mtu anakuwaje akisoma habari zake mwenyewe alizokatazwa kuzijua. Mimi nilikuwa nimebaki na vipande tu: kijani, magogo, viatu vinavyonijia kutoka juu. Viatu! Miaka yote nilidhani nimeviota. Mke wangu anajua kwamba siogi ndani ya hodhi, naoga kwa maji ya kumiminika, na hajawahi kuuliza, wala mimi sijawahi kujiuliza. Na mtu wa hivyo ndiye aliyewaambia watoto tisa waache jaketi kwa sababu zinanuka. Nilitaka waone kwamba maji si kitu. Nadhani nilitaka mimi nione.

Nilipotoka na Kalina juu, maneno yalinitoka yenyewe. Sikuyatafuta. Yalikuwepo mdomoni tangu mwaka sabini na nne.

Uchunguzi umekwisha. Sitaongoza kambi kwa miaka mitatu, na nimekubali. Bi Wrona ameniuliza kama nitakuwa tayari kusimama mbele ya viongozi wapya wakati wa masika niwaeleze, mimi mwenyewe, jinsi mtu asiye mbaya anavyofika pale. Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri. Nitasimama.

Juzi nilikwenda Chełmno. Bibi yako alinifungulia mlango, akanitazama, akasema, "Gerek, umenenepa." Kisha tulilia wote wawili pale kwenye ngazi mpaka jirani akatuletea viti. Nilimshukuru kwa viatu. Alinishukuru kwa kutomchukia. Akanilisha unga mbichi wa pierogi, kijiko kimoja, akasema basi, utaumwa tumbo.

Asante, Bogna. Ilinichukua muda kuliandika neno hili, lakini nalimaanisha. Ungeninyamazia, ningeiteremsha boti ile tena kesho yake, na tena mwaka ujao.

Kuhusu aliyeandika kwenye hema lako: namjua, amenieleza mwenyewe, anaona aibu. Nimemwambia aje kwako, na aje na jina lake.

Gerard Lipka


Grudziądz, 21 Septemba 2019

Kwa Ndugu Gerard,

Barua hii mama ameisoma na Bi Wrona ameisoma na wote wamesema inaruhusiwa, na Bi Wrona ndiye atakayekuletea. Kwa hiyo ukikuta kosa la herufi, wao pia hawakuliona.

Kwanza asante kwa kunitoa. Kule kambini sikukushukuru kwa sababu tulikuwa tumeapa kwamba hakuna kilichotokea, na huwezi kumshukuru mtu kwa kitu ambacho hakikutokea. Nilijaribu kichwani, haiwezekani.

Pili nataka ujue kwa nini sikukupa mkono. Si kwa sababu nakuchukia. Nilidhani cheche ikipita kwangu tena itaongeza kiapo kingine juu ya kile, na mimi nilikuwa nimejaa tayari.

Najifunza kuogelea bwawani kila Jumatano. Naweza kuweka uso ndani na kuhesabu mpaka kumi na saba. Nywele nimekata. Mama alilia, mimi sikulia.

Jana tulikuwa na mkutano wa kwanza wa kikosi baada ya likizo. Bibi ya Dada Bogna alikuja na magoti yake, akaketishwa kwenye kiti katikati yetu. Alituambia habari ya chelezo. Alisema yeye ndiye aliyetunga uongo wa mkono kukauka, na amekuja kuuondoa, kwa sababu aliyeuweka ni yeye. Akatuonyesha mikono yake miwili, tukaigusa wote. Ina mishipa mingi lakini haijakauka. Halafu akasema kwamba cheche ni ya kupitisha joto tu, siri haikai humo, na mtu akituambia tusimwambie mama, tukimbie moja kwa moja kwa mama. Hania akamuuliza, "Na keki ya siku ya kuzaliwa je?" Akasema keki inaruhusiwa.

Tuliposimama duara nilikuwa kushoto kwake. Dada Bogna aliituma. Ilifika kwa bibi ikakaa. Tulisubiri sana. Nikamtazama, kumbe alikuwa analia, amesahau kuminya. Nikamnong'oneza, "Bibi, zamu yako."

Akaniminya. Nikaipeleka. Ilirudi.

Dada Bogna amesema kila barua nzuri ina jina lote chini, kwa hiyo naweka langu.

Kalina Agnieszka Marzec